Mabomba saba na picha moja: siku nilipomwita mtu mwizi kwenye grupu la kijiji

Ujumbe wenyewe ulikuwa na maneno kumi na moja: "Jamani mwizi wa hela zetu za maji ndiye huyu, mjionee wenyewe." Chini yake picha. Niliutuma saa nne na dakika arobaini na saba usiku, taa imezimwa, mwanangu amelala pembeni. Nikaweka simu kwenye chaji nikalala. Tena nililala vizuri, nisidanganye. Nilijiona nimefanya kazi ambayo wanaume wa kijiji kizima walikuwa wanaikwepa.

Kijiji chetu kipo mkoa wa Morogoro, jina lake nitaliacha. Mimi nina duka la steshenari karibu na kituo cha pikipiki: natoa fotokopi, nauza madaftari na vocha, na ni wakala wa pesa. Kwa hiyo simu kwangu ni jembe, hilo likumbukeni kwa sababu litarudi mbele.

Tuna kisima kirefu kimoja chenye pampu, na vituo tisa vya kuchotea. Ndoo ya lita 20 ni shilingi 50. Hela inakusanywa pale kituoni, inapelekwa kwa mweka hazina wa jumuiya ya watumia maji, naye anaipeleka benki. Mwezi wa nane pampu ikaharibika. Tuliambiwa wiki moja, zikawa sita. Vijana wa pikipiki wakaanza kutuletea maji kwa shilingi 500 dumu moja. Nyumbani kwangu tunatumia madumu sita kwa siku, yaani kutoka shilingi 300 nikahamia 3,000, kila siku ya Mungu. Na hela za ndoo tulizotoa miaka yote hiyo ziko wapi? Hakuna aliyesema. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu unatakiwa uitishwe kila baada ya miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe, ulikuwa haujaitishwa tangu kabla ya mfungo.

Hasira yangu ilikuwa ya haki, na hata leo sijaijutia. Ninachojutia ni kile nilichokifanya nayo.

Jioni ile nafunga duka, nikaona guta limesimama mbele ya nyumba ya mweka hazina, linashusha mabomba. Niliyahesabu: saba. Mzee mwenyewe ameshika ncha moja, kijana ameshika nyingine, wanayaingiza uani. Nikapiga picha moja nikiwa upande wa pili wa barabara. Hiyo tu ndiyo niliyoiona kwa macho yangu. Yaliyobaki niliyajaza mwenyewe kati ya dukani na nyumbani: hela za pampu kanunua mabomba yake, anajichimbia kisima chake, ndiyo maana pampu haitengenezwi. Nilipofika kitandani hadithi ilikuwa imeshakamilika, ina mwanzo na mwisho, na mimi ndiye shahidi.

Picha ile nimeitazama mara nyingi baadaye. Ukiikuza kidogo unaona meno ya yale mabomba yameliwa na kutu, na kwenye moja kuna tope limekauka. Yalikuwa mabomba yaliyotolewa ndani ya kisima chetu wenyewe, fundi alipoinyanyua pampu. Mlango wa kibanda cha pampu ulikuwa umevunjwa komeo, kwa hiyo kamati ikaamua yalale kwa mweka hazina yasije yakaishia kwa wanunua vyuma chakavu. Yule niliyemwita mwizi alikuwa anayalinda. Jibu lilikuwa mkononi mwangu kwenye kioo cha simu, ila mimi sikuwa natafuta jibu.

Asubuhi nilikuta jumbe zaidi ya mia. Wachache waliuliza "una uhakika dada?" Wengi walikuwa wanamalizia kazi niliyoianza: wametaja ukoo wake, wametaja bati zake mpya, mmoja kaandika achomewe nyumba. Hiyo ya kuchoma nyumba ndiyo iliyonishtua. Saa tatu nikaufuta ujumbe kwa wote, nikidhani nimeumaliza. Kumbe usiku ulishapigwa skrinishoti na kupelekwa grupu la kata, grupu la wazazi wa shule na ukurasa mmoja wa Facebook ambao hata simjui anayeuendesha. Mchana mteja mmoja akanionyesha picha yangu mwenyewe kwenye simu yake, kwa mshangao wa mtu anayekuletea habari mpya: "Umeiona hii, dada?"

Siku ya nne mtendaji wa kijiji alikuja dukani na karatasi ya wito wa polisi. Binamu yangu, ambaye ndiye msimamizi wa grupu, akapata ya kwake. Yeye hakuwa ameandika hata herufi moja. Mpaka leo mkewe ananisalimia kwa kichwa tu.

Kituoni nilifanya makosa matatu. Kwanza nilienda peke yangu, kwa kiburi, nikidhani nikionyesha picha wataelewa. Pili nilianza kuongea kabla sijaambiwa natuhumiwa kwa kosa gani. Tatu nilikuwa nakaribia kusaini maelezo bila kuyasoma kwa sababu nilitaka niwahi gari la saa kumi. Ukiitwa, nenda na ndugu. Unayo haki ya kuambiwa kosa, ya kumjulisha ndugu au wakili, na ya kuyasoma maelezo yako na kuomba yarekebishwe kabla hujaweka sahihi. Mimi nilikuja kuyasoma baadaye nikakuta nimeandikwa kwamba nilimwona "akiiba", neno ambalo silikumbuki kulisema, ingawa kwa kweli ndiyo maana ya neno nililoliandika kwenye grupu.

Mpelelezi alikuwa mtu mpole, hakupaza sauti. Aliniuliza swali moja ambalo sijalisahau.

"Kama ulikuwa na uhakika, ulifuta kwa nini?"

Nikanyamaza.

"Na kama hukuwa na uhakika, ulituma kwa nini?"

Usiku ule nililala mahabusu. Sitapaelezea. Kesho yake dada yangu alikuja na barua ya mtendaji na kitambulisho cha NIDA kunidhamini. Mtu mmoja pale kaunta akamwambia dhamana ina "hela ya karatasi". Nyuma ya kichwa chake ukutani kulikuwa na tangazo limebandikwa: dhamana ni haki yako, haiuzwi. Dada yangu ni mwalimu wa darasa la kwanza, akalisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama anavyowasomea watoto. Tukatoka bila kulipa. Simu ilibaki kama kielelezo. Ombeni karatasi inayoonyesha simu imechukuliwa, aina yake na namba zake. Mimi sikuomba, na wakati wa kuirudishiwa nilizungushwa kwa sababu hiyo hiyo.

Ndani ya simu ile kulikuwa na laini ya uwakala. Wiki tatu zikapita kabla sijapata namba yangu kwenye laini mpya, na wateja wakazoea kwa jirani. Nilipiga hesabu ya hasara yote siku moja nikiwa sina la kufanya: nauli za wilayani mara tisa kwa shilingi 6,000 kwenda na kurudi, 54,000. Wakili wa mjini aliyenisikiliza kwa nusu saa, 100,000. Simu ndogo ya kushikia shikizo, 35,000. Kamisheni niliyokosa kama 180,000. Jumla 369,000. Ile 100,000 inaniuma zaidi kwa sababu wiki mbili baadaye niligundua kuna msaidizi wa kisheria kwenye kata yetu, mama mmoja aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambaye huduma yake ni bure. Anakaa nyumba ya nne kutoka kwa shangazi yangu. Watu wa aina hiyo wapo kwenye kata nyingi, ulizeni ofisi ya mtendaji kabla hamjapanda gari kwenda mjini.

Ni yeye aliyenifundisha mambo ambayo nilikuwa nayataja tu bila kuyajua. Nilimwendea nimejaa, nikamwambia Katiba inanipa uhuru wa kusema. Akaniambia ni kweli, ibara ya 18, na akanifungulia kitabu nisome. Imeandikwa kwamba kila mtu anao uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, na anayo haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Akaweka kidole kwenye neno "kutafuta".

"Hapa ulipita?"

Kisha akanipeleka ibara ya 30, inayosema haki hizi hazitumiki kwa namna ya kuingilia haki na uhuru wa wengine. Halafu ikaja iliyonikausha mate: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, kuhusu kuchapisha taarifa za uongo. Faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Isiyopungua. Akanieleza kwamba kifungu hicho kinamgusa anayetoa taarifa huku akijua si ya kweli au inapotosha, na ana nia ya kukashifu, kutukana au kuudanganya umma. Nikashika hapo kama mtu anayezama: mimi sikujua ni uongo! Akanitazama.

"Ulijua ni kweli?"

"Hapana."

"Basi uliandika kama nani?"

Hapa niseme langu, na sitalirudisha nyuma. Miaka mitatu kwa maneno kumi na moja ni adhabu kubwa kupita kosa, na sheria yenye makali hayo ikishikwa na kiongozi asiyetaka kuulizwa inawanyamazisha hata wale wanaosema kweli. Nimeyaona kijijini kwangu: miezi mingi baada ya mkasa wangu, mtu akigusia hela za maji, mwenyekiti anacheka na kusema, "Mnataka na nyie mkalale wilayani?" Na watu wanakaa chini. Hilo ni kosa lake, lakini kisingizio nilimpa mimi.

Msaidizi wa kisheria akasema njia iliyobaki ni kumwendea mzee mwenyewe kabla jalada halijaenda mbele. Nilichukua wiki nzima kujikusanya. Kwanza nikaandika radhi nikiwa na simu ya kuazima, nikaituma grupuni: "Kama kuna yeyote aliyekwazika na ujumbe wangu wa siku ile, naomba radhi." Nikaona nimejishusha vya kutosha.

Jioni tukaenda kwake, mimi, shangazi na yule mama. Uani yale mabomba bado yapo, yamepangwa juu ya matofali yasiguse udongo. Tulikaribishwa mkeka. Shikamoo yangu ilijibiwa. Kisha mzee akatoa miwani, akaomba simu ya mjukuu wake, akanisomea radhi yangu mwenyewe.

"'Kama kuna yeyote.' Mwanangu, kuna yeyote, au kuna mimi?"

Nikainamisha kichwa.

"Na 'aliyekwazika'. Mimi sijakwazika. Mimi nimeitwa mwizi."

Mjukuu, binti wa darasa la sita, alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Mzee hakumwangalia alipoendelea. Akasema mtoto huyu alirudi shuleni siku ya pili akiwa amechaniwa daftari, wamemwandikia juu ya jalada "mjukuu wa mwizi wa maji". Akasema msikitini hakuna aliyemwambia neno, ila safu ya swala aliyosimama ilikuwa na nafasi kulia na kushoto. Halafu akanikumbusha ahadi waliyokuwa wanaitamka wakiwa vijana wa chama cha TANU, nikajua inakuja kabla hajaitamka: nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko.

Ninayo tabu kidogo na sentensi hiyo, kwa sababu nimewasikia viongozi wakiita fitina kila swali wasilolipenda. Lakini mzee hakunikataza kuuliza. Aliniambia, na nayaweka kama nilivyoyasikia: "Ungekuja pale mlangoni ukaniuliza, 'Mzee, mabomba haya ni ya nini?' hata kwa ukali, ningekujibu. Ungeuliza kwenye grupu, ningekujibu pia, mbele ya watu wote. Wewe hukuuliza."

Radhi ya pili tuliiandika pale pale mkekani, shangazi akitaja na mimi nikiandika. Ilisema nani, lini na nini. Kwamba mimi, tarehe fulani, nilimwita mzee fulani mwizi. Kwamba sikumwona akiiba wala sikuwa na ushahidi. Kwamba mabomba yale ni ya kisima cha kijiji na aliyatunza kwa maagizo ya kamati. Kwamba nilikosea. Haikuwa na "kama" wala "lakini". Nikaituma kila grupu nililojua ujumbe wangu ulifika, na ule ukurasa wa Facebook nikauandikia mara tatu ndipo ukaondoa picha. Mzee akaomba jambo moja zaidi: niyaseme kwa mdomo kwenye mkutano wa kijiji, kwa sababu wengi waliosikia habari ile hawana simu za kusoma.

Mkutano ule uliitishwa mwezi wa kumi na moja, chini ya mwembe wa shule. Nilisimama nikayasoma huku karatasi inacheza mkononi. Mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Ongeza sauti, siku ile mbona ulisikika?" Watu wakacheka. Nikaanza upya kwa sauti.

Mzee aliandika barua kwamba hana tena malalamiko, na baada ya danadana za hapa na pale jalada likafungwa. Simu nilirudishiwa baada ya miezi minne, ndani ya bahasha ya kaki, kioo kina ufa ambao haukuwepo. Si kila mlalamikaji atakuwa kama yule mzee, na hata mlalamikaji akisamehe, si lazima jalada lifungwe. Mtu asije akanisoma akadhani radhi ni dawa ya kila kesi.

Sasa kuna jambo ambalo linanisumbua kuliko mahabusu. Hela za maji kweli zilikuwa na shida. Siku ya mkutano ule, baada ya radhi yangu, mapato na matumizi yakasomwa mbio mbio, dakika chache, na hakuna aliyenyoosha mkono. Nani angenyoosha? Nilikuwa nimetoka kuomba msamaha mbele yao. Usiku ule ningetuma swali, lingeishia kwenye jibu. Nilipochanganya swali la kweli na jina nililolibuni, jina lilipoanguka likaondoka na swali.

Ilinichukua mpaka mwaka uliofuata kurudi. Safari hii nilitumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo yule mama alinionyesha. Unaandika barua kwa ofisi yenye taarifa, unataja unayoitaka kwa usahihi, unaweka jina na anwani yako, nao wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Usiandike "naomba kujua hela zetu zinaliwaje". Nusu ya barua yangu ya kwanza ilikuwa matusi yaliyovaa koti, akaikata yote kwa kalamu nyekundu. Iliyobaki ilikuwa mistari mitano: naomba taarifa ya makusanyo ya vituo vyote tisa kwa mwaka ule, taarifa ya benki, na stakabadhi za matengenezo ya pampu. Nakala nikapeleka ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, kwa sababu ndio wanaosimamia jumuiya hizi. Nilipofikisha barua nilihakikisha nakala yangu imegongwa mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri huna ulichopeleka.

Jibu lilikuja siku ya 26, kurasa mbili. Makusanyo yako sawa, na benki iko sawa. Vitabu vya mzee vimenyooka mpaka senti, kila ndoo na tarehe yake. Tatizo liko mahali pengine kabisa: kwenye matengenezo kuna malipo ya shilingi 640,000 yameandikwa "usafiri na mengineyo", hayana stakabadhi, na mzee si mtu aliyeyaidhinisha. Aliyeyaidhinisha nimemwona kwenye karatasi. Anapita mbele ya duka langu kila asubuhi, na juzi amenunua kalamu mbili.

Vidole vimewasha, sikatai. Karatasi ninayo, sahihi yake naiona, na simu iko mezani. Lakini huenda stakabadhi zipo kwenye faili lingine. Huenda gari la kubebea pampu lilikodiwa kwa mtu asiyetoa risiti, jambo la kawaida huku kwetu. Na huenda zimeliwa. Mimi sijui, na safari hii najua kwamba sijui.

Mkutano ni Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, mwembe ule ule. Nimetoa fotokopi thelathini za kurasa zile mbili, kwa gharama yangu, kila kitongoji kipate. Swali nimeliandika nyuma ya risiti ya duka nisije nikapaniki nikaongeza maneno: "Tunaomba kuonyeshwa stakabadhi za shilingi 640,000 za usafiri na mengineyo." Mstari mmoja, na hauna jina la mtu.